Lipeni Bei ya Kikapu

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, wengi tulidhani kikapu cha ukindu kitarudi mkononi mwa kila aendaye sokoni. Wapi! Nafasi ile imeshikwa na mifuko laini mithili ya kitambaa, ambayo mingi yake ni plastiki vilevile. Vishikio vikikatika, hutupwa mtaroni.

Ukiuliza sababu, utajibiwa kuwa kikapu ni ghali. Ghali kwa kipimo gani? Ukindu hauokotwi njiani. Hukatwa kuti changa la mkindu kabla halijachanua, likaanikwa juani hadi likawa jeupe, likachanwa nyuzi nyembamba, na zinazotakiwa rangi zikachemshwa nayo. Hapo bado hata kikapu hakijaanza. Ndipo mama akae asuke ukili, pima baada ya pima, huku chungu ki jikoni na mtoto yu mgongoni. Kisha aushone ukili ule mzunguko juu ya mzunguko, tangu kitako hadi mdomo, na mwisho atie mikono. Kazi hii haina mashine ya kuiharakisha.

Nasi je? Dukani kwa simu twalipa bei iliyobandikwa, kimya. Tukifika kwa bibi aliyetandaza vikapu vyake chini, ndimi zinachangamka: "Bibi, punguza bwana, si majani tu haya?" Na mtu huyohuyo, akikiona kikapu kama kile katika duka la watalii, hukisifu kuwa ndio utamaduni wetu! Mimi naiita dhuluma, hata ikivikwa jina la kupatana bei. Binti wa bibi yule anatazama. Akiona jasho la mama yake linalipwa kwa chenji, atauacha ukili, wala sitamlaumu.

Wasukaji nao wana deni lao. Ukili uliolegea, na rangi isiyoiva inayochafua kanga ya mnunuzi, huwaharibia soko wenzao wote. Na wasikate mkindu mpaka wakautoa moyo; shina lililotolewa moyo halichipui tena.

Basi wiki hii ukienda sokoni, nunua kikapu kimoja, lipa alichotaja mwenye mali yake, kisha mwagize na cha jirani yako.