Kisangani: Mchezo unaisha usiku, mtazamaji wa Masako atarudi namna gani?

Mjini Kisangani, mtu akitaka kuona mchezo wa kuigiza ao dansi mbele ya macho yake, bei ya tiketi si hesabu ya kwanza. Hesabu ya kwanza ni ya kurudi nyumbani. Kwa mkaaji wa Masako, karibu kilomita 15 kutoka katikati ya mji, kwenye barabara ya zamani ya Buta, hesabu hiyo ndiyo inaamua kama ataenda ao atabaki.

Kisangani iko karibu na ikweta. Mwaka wote, giza linaingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili za magharibi. Mchezo ukianza saa moja ya usiku, unaweza kuisha saa tatu. Mtazamaji wa komini ya Makiso anatoka na kutembea kwa miguu hadi kwake, akiendelea kubishana na jirani juu ya kile walichoona. Yule wa Masako anatazama saa tangu katikati ya mchezo. Pikipiki ya usiku ni bei, na mama mwenye watoto hawezi kukubali njia hiyo gizani. Basi anaondoka mbele ya mwisho, ao hafiki kabisa.

Kisha inasemwa kwamba watu wa pembeni ya mji hawapendi sanaa. Si kweli. Matanga, ndoa na kwaya za kanisa zinajaza parsela bila tangazo lolote. Upendo upo, kinachokosa ni saa nzuri na pahali pa karibu.

Mfano hautoki mbali. Faustin Linyekula, mcheza dansi mzaliwa wa Ubundu, alianzisha Studios Kabako mjini Kinshasa mwaka 2001, kisha akaihamishia Kisangani. Hakutaka kufungia kila kitu katika jumba moja kubwa. Wazo lake lilikuwa vituo vidogo katika mitaa mbalimbali, hadi Lubunga, ng'ambo ya mto Kongo, pahali mtazamaji wa usiku anapaswa kwanza kufikiria mtumbwi. Kazi zake zimeonekana Avignon na New York, lakini mji wake haukusahauliwa.

Masako yenyewe imezoea wageni. Kwa miaka mingi, walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanaenda katika msitu wake wa akiba kuchunguza panya, ndege na miti. Kama wenye elimu wanafika huko kutazama, wasanii pia wanaweza kufika kutazamwa.

Wasanii watajibu kwamba watu wa kazi wanapata nafasi jioni tu, na kwamba kusafirisha vyombo kunakula pesa. Ni haki yao kusema hivyo. Lakini hakuna anayeomba jioni zifutwe. Mchezo ukipangwa jioni tatu, mara moja iwe Siku ya Mungu, saa tisa za mchana, kisha ibada. Tangazo lionyeshe saa ya kuisha, si saa ya kuanza peke yake. Na kila kundi lichague kazi moja isiyodai taa wala jukwaa, liicheze katika uwanja wa shule Masako. Serkali ya jimbo la Tshopo ikitaka kusaidia, ilipe gari la kwenda na kurudi. Hilo halingoji jumba jipya kujengwa.

Historia inayochezwa mjini, pamoja na ile ya vita ya siku sita ya Juni 2000, si mali ya Makiso peke yake. Mtazamaji anayeondoka mapema kwa kuogopa njia anabeba nusu ya hadithi. Ni haki yake pia kuona mwisho, kupiga makofi na kufika kwake salama.