Litungu Nalo Lipewe Zamu Yake

Mcheza kwao hutuzwa. Ndivyo walivyonena wahenga, nasi tumeipokea methali hiyo tukawa twaitumia kila uchao bila ya kuitafakari. Je, mcheza kwao akipiga kinanda chake kijijini, kisha redio ya papo hapo kwao ikamweka kando na kupiga nyimbo za Lagos, Kinshasa na Marekani kutwa kucha, hiyo tuzo ataipata wapi? Hili ndilo ninalotaka tulitazame leo, ndugu msomaji, na mfano wangu nitautoa bara, katika miji ya Bungoma na Kitale, ambako nimekuwa nikienda mara kwa mara kwa shughuli zangu za uandishi.

Idhaa katika sehemu hizo si haba. Ipo West FM pale Bungoma. Ipo Mulembe FM isemayo na Waluhya kwa ujumla, na Sulwe FM isemayo kwa Kibukusu, zote mbili zikiwa za Royal Media Services. Mtu anayekumbuka enzi za Sauti ya Kenya, redio ilipokuwa ya serikali peke yake, ataona kuwa hii ni neema kubwa. Mlango wa idhaa za watu binafsi ulifunguliwa na Capital FM mwaka 1996, na mwaka 2000 Kameme FM ikaanza kutangaza kwa Kikikuyu. Baada ya hapo zikafuatana kama siafu. Alhamdulillahi, kila kabila leo linaweza kusikia salamu, matanga na bei ya mahindi kwa lugha ya mama.

Lakini lugha ni kitu kimoja, na sauti ya watu ni kitu kingine. Nimezisikiliza idhaa za huko magharibi katika matatu, hotelini na katika vibanda vya vinyozi. Zipo zinazojitahidi, nami nazipa heko. Ila zipo nyingine, na majina yao nitayatia kapuni, ambazo mtangazaji husema kwa lugha tamu ya nyanyake kwa dakika tatu, halafu huweka wimbo usiokuwa na hata harufu ya Mlima Elgon. Litungu hupewa nafasi alfajiri kabla ya watu kuamka, au siku anapozikwa mtu mkubwa. Yaani muziki wa wenyeji umefanywa kama ubani, wa kufukizwa penye maiti tu.

Kwa msomaji wa pwani asiyelijua litungu, hicho ni kinanda cha Wabukusu chenye nyuzi saba, au nane kwa wengine, zilizokazwa juu ya mwili wa mti uliowambwa ngozi. Ni ndugu ya nyatiti ya Wajaluo, na ukilisikia likipigwa na fundi, hukosi kukumbuka kibangala na udi wetu. Pamoja nalo iko siiriri, zeze la uzi mmoja linalolia kama mtu aliyefiwa, na ngoma iitwayo efumbo. Upo mchezo wa kamabeka, ambapo mabega hutikisika hadi mtazamaji akaogopa yatang'oka. Na juu ya hayo yote yako maneno: visa vya vita, sifa za watu, kejeli kwa wavivu, mawaidha kwa vijana. Wanapofiwa na mzee wa heshima, Wabukusu wana msemaji wao maalumu ambaye husimama mbele ya halaiki akatoa kumuse, hotuba ndefu ya historia na wasia isiyoandikwa popote. Mimi niliyelelewa juu ya tenzi nawaambia kwamba huo ni ushairi wa daraja ya juu.

Sasa ngoja nieleze kwa nini naliona jambo hili ni la haraka. Ushairi wetu wa pwani ulipata bahati ya kuandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, na muziki wetu ukapata bahati ya mashine mapema. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 akaenda Bombay kutiwa sauti yake katika sahani za santuri. Mombasa tangu zama za Mwingereza kulikuwa na Sauti ya Mvita, na Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951. Baadaye yakaja maduka ya kanda, kama Mbwana Radio Service pale Mombasa, ambayo yalirikodi taarabu za harusini na kuziuza. Ndiyo maana Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, na Zein l'Abdin mwaka 2016, lakini sauti zao zingali majumbani mwetu. Si kwamba taarabu ni bora kuliko litungu. Ila taarabu ilipata redio iliyoiamini, na mwenye duka aliyeiona kuwa ni mali.

Mpiga litungu wa kijijini hana duka la namna hiyo. Anapokufa, aghalabu huzikwa na kila kitu. Na baadhi ya sauti za wazee wetu wa Afrika Mashariki ziko mbali kuliko tunavyodhani. Mwaka 1950 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, alipita nchini na mashine yake ya kurikodia. Miongoni mwa alizozinasa ni sauti za wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo wa Chemirocha, jina walilolifinyanga kutoka kwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia katika gramafoni. Kanda hizo zikahifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba aliyoiasisi mwaka 1954. Nakala zilirudishwa kwa Wakipsigis mwaka 2014, yaani baada ya miaka 64. Ni vyema zimerudi. Lakini je, ni lazima sauti ya nyanya yako ikae ughaibuni umri wa mtu mzima ndipo uisikie, hali redio iko umbali wa kutupa jiwe kutoka nyumbani kwake?

Wimbo huohuo wa Chemirocha wanifundisha jambo jingine. Mimi si katika wale wanaoviona vya wageni kuwa ni haramu. Gitaa lilikuja na wageni, na Waluhya wakalipokea, wakalipiga kwa mtindo wao wa omutibo, likawa lao. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, hakuwa akimwiga mtu. Daudi Kabaka, aliyetutoka mwaka 2001, alichezesha Kenya nzima kwa gitaa hilohilo. Mgeni akikaribishwa na mwenyeji aliye nyumbani, nyumba hupata baraka. Lakini mgeni akiingia nyumba isiyo na mwenyewe, huyo hukalia kiti akawa ndiye mwenye nyumba.

Hayo wenzetu wa mbali wameyafahamu. Visiwa vya Samoa, katikati ya bahari ya Pasifiki, vilipata redio yao, 2AP, mwaka 1948. Na watu wa Samoa na Tonga waliohamia mji wa Auckland kutafuta kazi wana idhaa zao huko, zinazowapigia nyimbo za visiwani wasije wakasahau walikotoka. Ufaransa, taifa kubwa lisilo na hofu ya kusahauliwa, lilitunga sheria mwaka 1994 kwamba katika nyimbo zinazopigwa redioni asilimia 40 ziwe za Kifaransa, na idhaa zikaanza kubanwa nayo mwaka 1996. Mfaransa ameona haja ya kukilinda chake, sembuse Mbukusu, Msabaoti na Mpokoti?

Najua yuko atakayesema: mwandishi huyu anatuchochea ukabila. Hoja hiyo siipuuzi hata kidogo, kwani nchi hii imeungua kwa ndimi. Baada ya machafuko ya 2007 na 2008, tume ya Jaji Waki ilizitaja idhaa za lugha za mama kwa ubaya, na mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa katika mahakama ya The Hague, kesi ambayo ilikatizwa mwaka 2016. Lakini tutazame kwa makini. Kilichotisha wakati ule kilikuwa ni maneno ya siasa yaliyovikwa nguo ya kabila. Mpiga siiriri hajamfukuza mtu shambani kwake. Tena wanasiasa ndio wanaouharibu muziki huu. Wimbo wa sioyaye mahali pake ni asubuhi ya tohara, kijana atokapo mtoni amepakwa matope, katika Agosti ya miaka ishirini na miwili, ishirini na minne, na kadhalika, miaka isiyo witiri. Leo waweza kuusikia ukiimbwa kumpokea mgombea kura aliyeshuka kwa helikopta. Redio ikiufundisha umma mahali pa wimbo na wakati wake, mchochezi hatapata pa kuuibia.

Na dawa ya ukabila tunayo. Kitale si mji wa kabila moja. Ni mji wa Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, Wateso, Wakikuyu na wengineo waliokusanywa na mashamba ya walowezi na baadaye mashamba ya Uhuru. Kabla ya hapo palikuwa ni kituo cha misafara ya watumwa iliyotoka upande wa Uganda kwenda Bagamoyo, na hilo sisi watu wa pwani hatuwezi kulisema bila ya kuinamisha vichwa. Misafara hiyo ilichukua watu na pembe, ikaacha Kiswahili. Basi na kitumike leo kwa kheri. Nataka redio moja ya Kitale ifanye saa moja kila jioni, watu wakiwa macho, ambamo litungu hufuatwa na wimbo wa Kipokoti, kisha wa Kiteso, kisha wa Kiturkana, na kila wimbo uelezwe kwa Kiswahili: ni wa nini, huimbwa lini, na maneno yake yana maana gani. Jirani akiujua wimbo wa jirani yake, amekwisha kumjua nusu.

Lakini kupiga wimbo hakutoshi. Chuoni tulifundishwa kwamba hadithi haikubaliki mpaka ijulikane fulani kaipokea kwa fulani, naye kaipokea kwa fulani. Kanda isiyo na jina la mpigaji, kijiji chake na tarehe ni kama hadithi isiyo na isnadi: utamu inao, ushahidi haina. Nilimsikia mzee mmoja, karibu na Webuye, akisema kwamba kanda yake hupigwa na idhaa fulani, na mtangazaji huitaja kuwa ni "muziki wa kienyeji" basi. Nikamwuliza amelipwa nini. Akacheka, akaniambia, "Mwanangu, walinipa fulana."

Fulana! Chama cha kukusanya haki za wanamuziki kimekuwapo Kenya tangu mwaka 1983, na sheria ya hakimiliki tunayo tangu 2001. Katiba ya mwaka 2010 imetamka kuwa utamaduni ni msingi wa taifa, na kwamba dola itakuza na kulinda lugha za wananchi. Maneno hayo ni mazuri, ila hayakufika kwa yule mzee. Kwa hivyo idhaa inayorikodi kijijini iandike mkataba kwa lugha anayoifahamu mpigaji, imsomee mbele ya wanawe, imsaidie kujiandikisha, na imlipe siku ileile ya kurikodi. Kisha nakala moja ipelekwe katika Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, ikae pamoja na jina lake. Redio huuzwa, hufungwa, hufilisika. Wakumbuke wenye umri wangu ile redio ndogo ya Homa Bay, iliyoanzishwa kwa msaada wa Unesco mwaka 1982 ikafungwa na serikali mwaka 1984. Chombo huzama, shehena ikaokolewa, ikiwa tu ilikwisha kuteremshwa pwani.

Wenye idhaa watanijibu kuwa matangazo ya biashara hufuata vijana, na vijana hawataki litungu. Nami nawauliza: vijana hao wamepata kulisikia wapi hata wakalikataa? Mtu hachagui chakula kisichowekwa mezani. Kiwekeni kwa mwaka mmoja, saa ya watu kuwa macho, mkiwa na mtangazaji anayeipenda kazi hiyo, kisha ndipo mje na hesabu zenu.

Na kwa kuwa mshairi hawezi kuondoka barazani bila ya kuacha chake, nauacha ubeti huu mmoja kwa wakurugenzi wa idhaa za Bungoma na Kitale:

Kinanda chao wazee, kisiachwe kwenye dari,
Redio itutolee, sauti yake johari,
Na wana waipokee, waijue kwa uzuri,
Mcheza kwao hutuzwa, tusimnyime ujira.

Kazi kwenu. Wazee wa litungu wangaliko, lakini hawatatungoja sana.