Garanti ya nyumba ni miezi mitatu, si sita

Vijana wenzetu wa Butembo, wakaaji wa Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba,

Sheria iko. Tunaanza hapo ju watu wengi wanafikiri haiko. Ni sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 desemba 2015, sheria ya kupangisha nyumba, na inasema garanti ya nyumba ya kukaa haiwezi kupita miezi mitatu. Haikusema mitatu kwa Kinshasa na sita kwa Butembo. Haikusema mitatu kama bayeri ni mtu wa huruma. Imekwisha kutimiza miaka kumi, na bado kijana akienda kuuliza nyumba Furu ao Vungi anajibiwa: "Mi nataka miezi sita. Kama hauna, acha, kuko mwenye iko nayo."

Tufanye hesabu pamoja. Tuchukue chumba na salo kwa 50$ kwa mwezi. Tunasema 50 ju ya kurahisisha, bei za kartiye yenu munazijua wenyewe. Miezi sita ya garanti: 300$. Komisioneri, mwenye kazi yake ilikuwa kukuonyesha mlango, anataka mwezi wake: 50$. Mara nyingi mwezi wa kwanza nao unaombwa mbele: 50$ tena. Haujaingiza hata godoro, umekwisha kutoa 400$. Kwa kufuata sheria, garanti ingekuwa 150$.

Hizo 400$ zinatoka wapi? Leta yenyewe iliandika kwamba mshahara wa chini, ile SMIG, ambao tangu 2018 ulikuwa 7 075 FC kwa siku, unapanda mpaka 14 500 FC mwaka 2025, kisha 21 500 FC kuanzia januari 2026. Muzuri. Mtu wa kulipwa 21 500 FC kwa siku 26 anapata 559 000 FC kwa mwezi. Asile, asipande moto, asinunue makala wala bidoni ya maji, asitie hata inite kwenye simu, angetumika zaidi ya mwezi mmoja na nusu ju ya kupewa ufunguo tu. Na huyo ni mtu wa kwenye karatasi. Muulizeni kijana mwenye anauza duka ya mwenyewe katikati ya mji, ao dada wa restora, kama amekwisha kuona 21 500 FC kwa siku moja. Atawacheka. Kwenye karatasi tunalipwa muzuri, kwenye karatasi tunapanga kwa miezi mitatu. Siye Wakongomani tunaishi muzuri sana kwenye karatasi.

Nje ya karatasi, iko kijana wa miaka 29 mwenye diplome ya Graben ao ya chuo kingine, analala kwenye salo ya wazazi wake, anakunja godoro kabla wageni hawajaamka. Wazee wanasema vijana wa leo hawataki kuoa, wanataka simu na muziki. Hapana. Mbuzi za mahari mtu anazitafuta, wajomba wanachanga, shangazi anaongeza moja, mambo inatembea. Kwa garanti hakuna mjomba mwenye anachanga. Na baba wa binti anauliza swali moja ya haki kabisa: "Utamuweka wapi?" Hapo ndoa inangoja mwaka, inangoja miwili, mtoto anazaliwa kabla ya nyumba, kisha tunasikia mahubiri juu ya tabia mbaya za vijana.

Kwa dada zetu ni mbaya zaidi. Akienda peke yake kuuliza nyumba, anaulizwa bwana yake iko wapi. Akisema hana, bei inapanda, ao nyumba inakuwa imekwisha kupata mtu.

Tena kuko ile mambo ya dola. Tunanunua maharagi kwa franga, tunalipa moto kwa franga, mwalimu anapokea franga, lakini nyumba ya udongo na mabati, yenye ilijengwa na matofali ya hapa hapa, inalipwa na noti ya Marekani. Na noti yenyewe ikiwa na kapasuko kadogo kama jino ya panya, bayeri anairudisha. Wakati dola ilikuwa karibu 2 800 FC, walituambia: leteni dola, franga haina nguvu. Mwisho wa 2025 dola ikashuka chini ya 2 500. Tulifikiri tutapumua. Basi wengine wakaanza wimbo mupya: leteni franga, lakini kwa hesabu ya zamani, 50$ ni 140 000 FC. Uende kwa kambisti na 140 000 yako uone anakupa dola ngapi. Dola ikipanda mpangaji analia, dola ikishuka mpangaji analia, na sokoni bei za vitu zenye zilipanda na dola zimesahau njia ya kushuka nayo.

Tunajua jibu lenye wanatupatia: "Ni ju ya wakimbizi, mji umejaa." Ni kweli mji umejaa. Watu wametoka Beni, wametoka upande wa Manguredjipa, wametoka kusini mwa Lubero tangu M23 ichukue Kanyabayonga mwaka 2024, na wengine wamepanda kutoka Goma. Wamepokelewa ndani ya nyumba zetu, watu kumi na tano chini ya bati moja, bila kuomba kitu kwa mtu. Lakini mkimbizi hakuandika bei kwenye mlango wa nyumba. Yeye mwenyewe ndiye anaombwa miezi sita, tena yeye mwenye alikimbia na sufuria moja na watoto. Mwenye kutumia vita ju ya kupandisha garanti asimtupie mkimbizi lawama. Hatutakubali wapangaji wa zamani na wapangaji wapya wagombane juu ya mlango wenye mtu wa tatu anashika ufunguo.

Hatusemi kila bayeri ni adui. Iko mama mjane mwenye vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, na hivyo vyumba ndivyo vinalipa minerval ya watoto wa sekondari. Huyo tunamjua, ni mama yetu. Akiomba miezi mitatu, sheria iko upande wake na siye tuko upande wake. Lakini garanti si zawadi na si mshahara. Ni feza ya mpangaji, imelala kwa bayeri, siku ya kutoka inarudi. Wangapi kati yetu wamerudishiwa? Unaambiwa rangi ya ukuta imechafuka, kioo imepasuka, "rudi wiki ijayo", na wiki ijayo inazaa wiki ijayo ingine mpaka unachoka.

Sasa tuje kwa Leta, ju barua hii ni yake zaidi kuliko ya mabayeri.

Kila mwanzo wa mwaka kuko kodi yenye inaitwa IRL, kodi juu ya mapato ya nyumba za kupangisha. Mawakala wake wanapita kartiye kwa kartiye. Wanajua nyumba gani inapangishwa, na nani, kwa ngapi. Hawapotei njia, mvua isiwazuie, matope ya Butembo isiwazuie. Basi tunauliza: macho yenye yanaona nyumba wakati wa kuchukua kodi, yanafungwa na nani wakati wa kuangalia garanti? Ni nyumba ile ile, mlango ule ule. Ukiweza kuuliza "munalipa ngapi kwa mwezi", unaweza kuongeza swali moja: "na garanti mulitoa miezi ngapi?"

Tangu tarehe 6 mei 2021 jimbo letu iko chini ya eta de sieje. Walituambia wenye mamlaka sasa watakuwa na nguvu. Nguvu tumeziona: asubuhi ya salongo duka zinafungwa mji mzima, na mwenye anakaidi anajua kitakachomfuata. Mamlaka yenye inaweza kufunga soko ju ya jembe na ufagio haiwezi kutuambia imeshindwa na karatasi ya bayeri.

Tunaomba vitu vichache, na hakuna hata kimoja chenye kinahitaji bajeti ya Kinshasa. Sheria ya 2015 ibandikwe kwenye komini zote nne na kwa kila shefu wa kartiye, kwa Kiswahili na Kinande, si kwa Kifaransa peke yake. Garanti yote iandikwe kwenye risiti. Karatasi ya kupanga iandike bei kwa franga. Wakati wa IRL, mwenye kupitia nyumba aandike na miezi ya garanti yenye mpangaji alitoa. Na komisioneri ajulikane: jina, ofisi, na bei yake ijulikane mbele, ju leo mtu yeyote mwenye simu na mdomo anaweza kukula mwezi mzima wa jasho yako kisha asipatikane tena.

Jumatatu saa tatu asubuhi tunapeleka hii barua kwa miguu, bila jiwe, bila fimbo, bila tusi kwa mtu. Mwenye iko na risiti ya garanti alete kopi. Mwenye hakupewa risiti, na tunajua ndiyo wengi, aandike kwenye karatasi mwezi na mwaka aliingia ndani ya nyumba, miezi ngapi alitoa, na kartiye. Jina la bayeri asiliandike; siye si polisi. Tunataka hesabu tu, iwekwe juu ya meza, tuone nani atasema hakujua.