Wanasema uhai hauna bei. Sasa ile hesabu ya kitita nani aliipiga?



Leo naomba tutoke kidogo kwenye mambo ya tume na daftari la wapiga kura. Nataka tuongelee kitu kinachoua watu wetu kimya kimya: hesabu ya matibabu. Najua kuna mtu ameshaanza kusema, "hiyo si kazi yetu, ni ya madaktari na wachumi." Vumilia kidogo. Ukifika mwisho utaona kwamba hii ni siasa, tena siasa ya kijijini kabisa.

Nianze na nyumbani.

Ba'mdogo wangu alikuwa mkulima wa alizeti huku kwetu, upande wa Ikungi. Mtu wa kazi, mwenye ng'ombe wake wachache, hana makuu. Alikuwa na presha. Aliijua siku alipoanguka shambani, na hata baada ya hapo aliipima kwa kubahatisha. Akienda zahanati anaambiwa kipimo kimeharibika. Akienda tena, kipimo kipo ila dawa zimeisha, akanunue dukani. Akiwa na hela ananunua, akikosa anaacha. Na presha kama mnavyoijua, haina kelele. Ukiacha dawa mwezi mzima unaweza kujiona mzima tu. Sitaitaja zahanati hiyo, maana kusema kweli inaweza kuwa ya kwenu pia.

Mwaka 2019 miguu ikavimba. Akapewa rufaa kwenda Dodoma. Majibu: figo zote mbili zimekwisha. Akatakiwa kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Bima hana. Awamu moja, ukijumlisha dawa na vipimo, ilitugharimu karibu laki mbili.

Ng'ombe tisa wakaenda mnadani. Likafuata shamba. Tukachangishana kwenye grupu la WhatsApp la ukoo mpaka watu wakaanza kujitoa mmoja mmoja. Kutoka mara tatu kwa wiki tukashuka hadi mbili, kisha moja. Mwezi wa nne tukamzika.

Sasa njooni tupige hesabu ambayo hakuna mtu aliyetupigia wakati ule.

Laki mbili mara tatu ni laki sita kwa wiki. Mara wiki 52 ni shilingi milioni 31 na laki mbili kwa mwaka, kwa mgonjwa mmoja. Dawa yake ya presha, ile aliyokuwa akiikosa zahanati, dukani haikuwa inazidi buku kumi kwa mwezi. Tuseme laki moja na elfu ishirini kwa mwaka. Gawanya. Hela ya kumweka mtu mmoja kwenye mashine mwaka mzima ingewapa dawa ya presha watu 260 kwa mwaka huo huo.

Sisemi wote 260 wangeishia kwenye mashine. Wengi wasingefika huko, wengine wangepata kiharusi, wengine wasingepata chochote. Wala sisemi ba'mdogo asingepaswa kuwekwa kwenye mashine. Ninachosema ni kwamba nchi iliyokosa betri ya kipimo na vidonge vya mia tatu kwa siku ilikuwa inatengeneza mgonjwa wa milioni 31. Halafu ikamwambia ajilipie.

Hiyo ndiyo maana ya kutathmini matibabu kiuchumi. Ni kuuliza swali dogo: kwa shilingi hii hii, tukiitumia hapa au pale, wapi tutapata miaka mingi zaidi ya watu kuishi wakiwa na afya? Wakubwa wakisikia hivyo wanakurupuka: "Uhai hauna bei!" Maneno mazuri ya jukwaani. Lakini kila bajeti inayosomwa Dodoma inaupa uhai bei. Ukinunua kitu kimoja, kuna kingine umekiacha. Tofauti iliyopo ni kama hesabu hiyo inapigwa hadharani au gizani.

Na msifikiri hii ni elimu ya Wazungu ambayo haijawahi kufika kwetu. Ilishafanyika Tanzania hii hii, ikafanya kazi.

Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na taasisi ya utafiti ya Canada inayoitwa IDRC, iliendesha mradi uliojulikana kama TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Walianza na jambo ambalo lingepaswa kuwa la kawaida: kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani amekufa, na amekufa kwa nini. Maana watu wengi hufia nyumbani, na anayefia nyumbani haonekani kwenye takwimu za hospitali. Kisha wakaweka vifo hivyo pembeni ya bajeti ya wilaya.

Kilichoonekana Morogoro kinatia aibu. Malaria ilikuwa inachukua asilimia 30 ya miaka yote ya maisha iliyokuwa ikipotea, lakini mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya. Kifua kikuu, kilichobeba chini ya asilimia 4 ya miaka iliyopotea, kilikuwa kinapata asilimia 22. Hakuna aliyeiba hapo, tusisingizie watu. Fedha zilikuwa zinakwenda zilikozoea kwenda, na kule mfadhili alikotaka ziende.

Wakabadilisha. Waganga wafawidhi na timu za wilaya wakapewa picha rahisi za kuonyesha ugonjwa upi unaua kiasi gani na fedha ziko wapi, wakapanga upya. Wahudumu wakafundishwa kumtazama mtoto mgonjwa kwa ujumla, siyo homa peke yake. Vyandarua vikasambazwa. Fedha ya nyongeza iliyoruhusiwa ilikuwa hadi dola mbili kwa kila mkazi kwa mwaka, na wilaya zikaweza kutumia kama senti 80 tu. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Senti 80 za dola, jamani. Hata soda na andazi ni shida.

Kwa hiyo tukiambiwa nchi haina hela, tujibu: inawezekana haina, lakini mwenye hela kidogo ndiye anayepaswa kupiga hesabu zaidi. Tajiri anaweza kukosea akaendelea kula. Sisi tukikosea tunachimba kaburi.

Sasa tuje kwenye haya ya karibuni.

Machi 2023 ile Toto Afya Kadi ya shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka ikasitishwa. Sababu tuliyopewa ni kwamba wazazi wengi walikuwa wanakata kadi mtoto akishaumwa, hivyo michango haikutosha kulipia matibabu. Kama hesabu ya mfuko, hoja hiyo ina ukweli wake, tusijifanye hatuoni. Bima inayojaa wagonjwa watupu haisimami. Lakini kuna hesabu ya pili ambayo hatukuonyeshwa: mtoto aliyekosa kadi na kucheleweshwa nyumbani, anakuja kugharimu kiasi gani akifika amezidiwa? Mfuko ukiokoa shilingi kwa kuihamishia kwenye mfuko wa mama muuza vitunguu wa pale sokoni Singida, taifa limeokoa nini?

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha NHIF kikaanza kutumika. Hospitali binafsi, kupitia chama chao cha APHFTA, zikagoma kupokea wenye kadi zikisema bei mpya ziko chini ya gharama. Serikali ikasema bei za zamani zilikuwa zinaumaliza mfuko. Huyu anasema hasara, yule anasema hasara, na mgonjwa yuko getini na kadi yake mkononi. Mimi sikujua nimwamini nani. Ndiyo hoja yangu: kwa nini nilazimike kuamini? Kwa nini hesabu ya kila dawa iliyoingia na kila huduma iliyopunguzwa isiwekwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuisoma kwa Kiswahili?

Na sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Ni jambo kubwa, na sisi wapinzani tuliliimba kabla yao. Lakini bima kwa wote italipia nini, na itaacha nini? Hilo ndilo sheria yote. Huku kwetu watu wanaijua CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Mfuko wenyewe ulianzia kwa majirani, hapo Igunga, ukishashuka Sekenke, mwaka 1996. Waulize walionayo. Watakuambia kadi haijawahi kuwa tatizo. Tatizo ni kufika na kadi ukaandikiwa dawa ya kwenda kununua. Bima isiyo na dawa ni risiti.

Watu wa Thailand walipita njia hii. Walianzisha mpango wao wa afya kwa wote mwaka 2002, na baadaye wakawa na taasisi ya kupiga hesabu za matibabu kabla hayajaingizwa kwenye mpango. Kuhusu kusafisha figo, hesabu ilionyesha kwamba ni ghali mno ukilinganisha na miaka ya maisha inayopatikana. Wangeweza kusema basi, wafe. Lakini wakatazama jambo lingine: familia zilikuwa zinafilisika, zinauza mashamba, kama sisi tulivyouza. Mwaka 2008 wakaamua kulipia, ila kwa kuanza na njia ya kusafisha damu kupitia tumboni ambayo mgonjwa anaweza kuifanya akiwa nyumbani kijijini kwake, badala ya kumburuza mjini mara tatu kwa wiki.

Hapo ndipo penye somo. Hesabu haikuwa hakimu wao. Ilikuwa taa. Waliona bei, wakaona machozi, wakaamua wakiwa macho, na kila mtu akajua waliamua nini na kwa nini.

Na sisi tujisemee ukweli, kwa sababu blogu hii si ya kupeana pipi. Hata majukwaani kwetu tunapenda kusema "tukiingia madarakani matibabu bure." Watu wanapiga makofi. Nani kati yetu amewahi kuuliza bure hiyo inaanzia wapi? Kwenye vidonge vya presha na sukari katika kila zahanati, au kwenye mashine kubwa moja pale mkoani ya kukata utepe? Kama hatuna jibu, basi tofauti yetu na wao ni rangi ya bendera.

Mimi jibu langu ninalo: tuanzie chini. Mwaka 2001 pale Abuja viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya, na hatujaifikia. Tuendelee kuidai. Lakini hata ikija kesho, ikitumika vibaya itazikwa pamoja na watu. Tudai vyote viwili, kiasi na hesabu.

Sasa kazi. Sitaki usome hii, uweke kidole gumba, upite.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Nenda. Ukifika zamu ya maswali, uliza haya manne, kwa adabu, bila kumtukana mganga, maana naye mara nyingi ni mhanga kama wewe.

Kwanza, vitabu vya MTUHA vya zahanati yetu vinaonyesha magonjwa gani matano yaliongoza robo hii?

Pili, zahanati ilipokea shilingi ngapi, na zilinunua nini?

Tatu, dawa zipi ziliisha, na zilikosekana kwa siku ngapi?

Nne, kipimo cha presha na cha sukari vinafanya kazi leo?

Andika majibu. Piga picha ubao wa matangazo kama yamebandikwa. Kisha weka jibu la kwanza pembeni ya jibu la pili, kama walivyofanya Rufiji na Morogoro, uone kama fedha zinafuata ugonjwa. Tukipata vijiji kumi tu, kuanzia Manyoni mpaka Mkalama, tutakuwa na kitu cha kumpelekea diwani ambacho hawezi kukiita uchochezi. Na nafasi zikitokea kwenye kamati ya zahanati, gombeeni. Hakuna posho ya maana pale, ndiyo maana hawazigombei wao.

Ba'mdogo hakuwahi kushika kadi ya chama chochote. Alikuwa akituona na magwanda yetu anacheka, anasema, "Nyie vijana, mkishapata hiyo nchi mnikumbuke kwa vidonge tu."

Vidonge vya mia tatu kwa siku. Kazi iendelee vijijini, makamanda.