Pikapu kubwa za Marekani na siri ya tanki la mafuta

Binamu yangu anayeishi Texas amenunua pikapu. Ukisikia pikapu, wewe wa Sinza usifikirie ile Hilux ya mhandisi wa halmashauri. Hii ina tairi sita, injini ya dizeli ya lita 6.7, na nyuma yake inavuta tela refu la kubebea magari na mashine. Ndiyo ofisi yake. Anapakia mzigo Houston, anaupeleka Oklahoma au Georgia, analipwa kwa maili, mafuta juu yake.

Nikamuuliza swali ambalo Mtanzania yeyote angeuliza kabla hata ya kuuliza rangi: inakula kiasi gani? Akacheka. "Dogo, hilo hata muuzaji hana jibu. Karatasi yenyewe haipo."

Mimi ni mwandishi wa habari, mtu akiniambia karatasi haipo huwa silali. Nikaenda kusoma. Ni kweli haipo, na haipo kwa mujibu wa sheria! Nchi ambayo pakiti ya karanga lazima iandikwe kalori, mtu anauziwa gari la zaidi ya dola 70,000 bila kuambiwa litakula mafuta kiasi gani.

Habari yenyewe iko hivi. Mwaka 1973 Waarabu waliwafungia Wamarekani mafuta, foleni kwenye vituo zikawa ndefu, na mwaka 1975 Bunge lao likapitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari kupunguza ulaji. Humo ndimo ilimozaliwa ile karatasi ya kwenye kioo inayoonyesha gari jipya linakwenda maili ngapi kwa galoni. Lakini kila sheria ina mpaka wake, na huu uliwekwa kwenye uzito: jumla ya gari na mzigo linaoruhusiwa kubeba. Kwanza ilikuwa pauni 6,000, kisha ukapandishwa kuanzia magari ya mwaka 1980 ukawa pauni 8,500, yaani kama kilo 3,850. Pikapu inayozidi hapo haihitaji karatasi. Hoja ya wakati ule ilikuwa kwamba hayo ni magari ya kazi, ya mkulima na fundi ujenzi, na mtu wa kazi anajua mwenyewe anachonunua.

Ukiweka mpaka wa uzito, mwenye kiwanda atafanya nini? Atanenepesha gari livuke mpaka. Hili si wazo langu la kijiweni, limeshatokea. Ford F-150, ambayo leo ni jina kubwa kuliko yote kwenye pikapu, iliingia sokoni kama gari la mwaka 1975 ikiwa imepandishwa uzito kidogo juu ya pauni 6,000 ili ikwepe masharti ya moshi ya wakati huo. Miaka ya 2000 ikawa zamu ya magari ya kifahari. Ford Excursion na Hummer H2 yalikuwa mazito kiasi cha kutohitaji karatasi, na mtu aliyekwenda nayo kununua maziwa alihesabiwa sawa na mkulima wa Nebraska. Ile ya Hummer ikawatia aibu, na kanuni ya mwaka 2006 ikaamuru magari makubwa ya abiria yabandikwe karatasi kuanzia toleo la 2011. Pikapu kubwa zikaachwa nje. Ford Super Duty, Ram 2500 na 3500, Silverado HD, zote.

Sasa ngoja tuingie kwenye ulaji wenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanadanganyana.

Pikapu kubwa ya dizeli ikiwa tupu kwenye barabara kuu inaweza kwenda maili 18 hivi kwa galoni. Kwa lugha yetu ni kilometa saba na nusu kwa lita. Ifungie tela zito, inashuka hadi maili 10, wakati mwingine chini ya hapo. Hiyo ni kilometa nne na kidogo kwa lita. Gari lile lile, dereva yule yule.

Kwa nini? Kila mtu atakwambia ni uzito, na ni kweli nusu. Uzito unakula mafuta pale unapoupandisha. Wamarekani wana mlima mmoja maarufu kwa majaribio ya kuvuta tela, uko Arizona karibu na bwawa la Davis, urefu wa kupanda ni maili 11.4, kama kilometa 18, na unapanda takriban mita 900. Chukua gari na tela vyenye jumla ya tani 10. Fizikia ya kidato cha tatu inakwambia kuinua tani 10 kwa mita 900 kunahitaji megajuli 88. Lita ya dizeli ina megajuli kama 36, lakini hata injini nzuri haigeuzi zaidi ya asilimia 40 hivi kuwa kazi, nyingine inatoka kama joto. Piga hesabu: lita 6 zimekwisha kwa kuinua tu, kabla hujalipia upepo na tairi. Lita 6 kwa kilometa 18! Na ukishuka upande wa pili hurudishiwi kitu, unaichoma breki.

Lakini barabarani tambarare adui mkubwa ni upepo, na upepo haujali kilo. Nguvu ya upepo kukurudisha nyuma inakua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilometa 80 kwa saa ukaenda 100, upepo haukuongezea robo kama mwendo ulivyoongezeka, umekuongezea asilimia 56. Tela la boksi ni ukuta unaoburutwa. Ndiyo maana boksi refu lililo tupu linaweza kula mafuta kuliko tela la wazi lililobeba trekta, kwenye barabara ile ile, ingawa la trekta ni zito mara kadhaa. Dereva wa basi la mkoani anaijua vizuri hii, ila yeye ana ratiba.

Halafu kuna mtego wa hesabu ambao naona hata wasomi tunauingia. Mtu anakwambia, kutoka kilometa 4 hadi 5 kwa lita ni tofauti ndogo tu, moja! Wakati mwenye gari dogo aliyetoka 10 hadi 15 anajigamba. Tuhesabu kwa safari ya kilometa 100. Gari dogo lilikuwa linatumia lita 10, sasa linatumia 6.7, limeokoa lita 3.3. Pikapu ilikuwa inatumia lita 25, sasa 20, imeokoa lita 5. Hiyo "moja" inazidi ile "tano". Kwa hiyo magari ambayo karatasi ingemsaidia mnunuzi kuliko mengine yote ndiyo hayohayo yaliyosamehewa karatasi. Kwa mtu anayekwenda kilometa 150,000, tofauti ya 4 na 5 ni lita 7,500. Tufanye galoni ni dola 4, ni kama dola 8,000. Kwa binamu yangu hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, na ni zile pesa zinazotumwa nyumbani shangazi akiugua.

Utetezi wa kutokuwa na namba ni kwamba mizigo haifanani. Mmoja anavuta boti, mwingine farasi, mwingine matofali, basi namba moja itawapotosha wote. Inasikika kama hoja, mpaka ukumbuke ule mlima wa Arizona. Watengenezaji walikuwa kila mmoja anatangaza uwezo wa kuvuta anavyojisikia, hadi chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilipoandika kipimo kimoja kinachoitwa J2807. Toyota ikaanza kukitumia kwenye Tundra ya mwaka 2011, wengine wakafuata taratibu, kwa shingo upande. Kipimo kile kimepangwa mpaka viyoyozi: upande mlima ule, kiyoyozi kikiwa mwisho, na pikapu ya tairi mbili nyuma isishuke chini ya maili 40 kwa saa. Sasa kama mnaweza kukubaliana mlima, mwendo na kiyoyozi ili kuthibitisha kwamba gari linavuta, mnashindwaje kuchomeka kipimo cha mafuta safari hiyo hiyo?

Ulaya wameweza. Tangu Januari 2019 malori mapya mazito yanayouzwa Umoja wa Ulaya yalianza kutakiwa kuwa na takwimu za mafuta na hewa ya ukaa zilizokokotolewa kwa programu moja ya kompyuta, VECTO, kwa mizigo na safari za aina mbalimbali. Mizigo ya Ulaya nayo haifanani.

Serikali ya Marekani yenyewe si kwamba ililala kabisa. Kanuni zilizotolewa mwaka 2011 ziliwawekea pikapu kubwa malengo ya mafuta kuanzia toleo la 2014. Ila soma jinsi lengo lilivyopangwa: walichukua uwezo wa kubeba na uwezo wa kuvuta, wakavichanganya kwa fomula, na gari lenye uwezo mkubwa zaidi likapewa lengo jepesi zaidi. Kwa karatasi inaeleweka, mbeba mizigo asihukumiwe kama teksi. Lakini ukimwambia mwenye kiwanda kwamba akiongeza uwezo wa kuvuta ataonewa huruma kwenye mafuta, umemwambia afanye nini? Mwaka 2019 Ram ikatamba kufikisha futi-pauni 1,000 za nguvu ya msokoto wa injini. Ford ya 2023 ikatangaza 1,200, na uwezo wa kuvuta pauni 40,000, tani 18 hizo. Mashindano ya kuvuta yana bango kila mahali. Mashindano ya kula kidogo hayana hata msemaji.

Na penye giza, wajanja hufanya biashara. Kwa sababu hakuna namba rasmi, fundi yeyote anaweza kumwambia dereva, "tukitoa hilo chujio la moshi utaokoa mafuta." Kama ambavyo hapa kwetu watu wanatolewa masega kwenye bomba la moshi wakiambiwa gari litakuwa jepesi. Ofisi ya mazingira ya Marekani, EPA, ilikadiria mwaka 2020 kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeng'olewa mifumo ya kusafisha moshi ndani ya miaka kumi hivi. Wakubwa nao hawakuwa malaika: Desemba 2023 ilitangazwa kwamba Cummins, wanaotengeneza injini za Ram, wamekubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675 katika kesi ya programu za kukwepa vipimo vya moshi kwenye mamia ya maelfu ya pikapu. Sisemi karatasi moja ya kioo ingezuia yote hayo. Ila namba inayokaguliwa na serikali inamnyima fundi nafasi ya kuuza maneno.

Kichekesho ni pikapu za umeme. Zilipotoka na kujaribiwa na magazeti ya magari mwaka 2022, ikaonekana kwamba zikifungiwa tela zinapoteza nusu ya umbali au zaidi. Kelele zake! Zikachekwa dunia nzima. Jamani, kutoka maili 18 hadi 10 kwa galoni nako ni karibu nusu ya umbali. Tofauti ni kwamba la dizeli lina tanki kubwa na linajazwa kwa dakika chache, basi maumivu yanahamia kwenye pochi, na pochi haipigwi picha.

Ningekuwa na kura kule ningeomba vitu viwili tu. Karatasi ya kioo kwa pikapu zote, yenye namba ya gari tupu na namba ya gari likivuta tela la boksi la kipimo kimoja kwa mwendo mmoja uliotajwa. Na namba hizo ziandikwe kwa galoni zilizotumika kwa maili 100, siyo maili kwa galoni, ili ule mtego wa hesabu ufe.

Sina kura kule. Nina macho hapa, ambapo kila mwezi EWURA ikitangaza bei tunalalamika, halafu tunakwenda yadi kununua gari kwa kuuliza limetembea kilometa ngapi na redio inasoma nini. Sijawahi kuona gari yadi likiwa na namba ya ulaji wa mafuta. Na magari mengi yanayotoka Japani yanashushwa bandarini yakiwa bado na stika ndogo kwenye kioo cha nyuma, inayosema kwa Kijapani gari limefikia kiwango cha ulaji wa mafuta cha mwaka fulani na kukipita kwa asilimia kadhaa. Wiki iliyopita nimemwona jamaa Ilala akiibandua kwa wembe, apate nafasi ya kuweka nembo ya Yanga.