Sponji Haimnyweshi Tarantula

Makala iliyodai kwamba tarantula wa umri wowote hutosheka na tangi kubwa na sponji iliyolowa imewapotosha wafugaji. Sponji huoza na kuzalisha bakteria. Aliyekomaa hunywa kwenye kisahani cha maji safi, mdomo ukigusa maji.

Mtoto ni habari nyingine kabisa. Pterinochilus murinus, tarantula mwenyeji wa Kenya na Tanzania, huanza maisha akiwa na milimita chache tu. Kwenye tangi kubwa hata chakula humpotea. Apewe kikopo chenye matundu, udongo wenye unyevu kidogo, na kipande cha nyenje aliyeuawa.

Akikua, aongezewe kina cha udongo, si kimo cha tangi: akianguka, tumbo laweza kupasuka.

Na anapojivua gamba, asiachiwe nyenje hai. Nyenje huweza kumtafuna.