Tauni ya Kwenye Kioo

Mchezo wa kompyuta ni upuuzi wa watoto. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema kila nipitapo sebuleni nikamkuta mpwa wangu kainama mbele ya kioo, na leo yanipasa nilimeze neno langu mbele ya wasomaji wa ukurasa huu. Sitalimeza lote. Nitalimeza nusu, na nusu ya pili nitaieleza.

Wasomaji wa Mombasa hawajausahau mwezi wa Mei mwaka 2020. Tulikuwa ndani ya mfungo wa Ramadhani, misikiti imefungwa tangu Machi, tarawehe twaziswali majumbani, mara serikali ikatangaza kuufunga Mji wa Kale: haingii mtu wala hatoki. Mtu wa makamo yangu, aliyezoea baraza na kahawa, afanye nini baada ya alasiri? Nikaketi nyuma ya kijana yule nitazame. Siku ya tatu nikamwambia anipishe.

Mchezo wenyewe waitwa Pathologic 2. Umetungwa na kundi la Ice-Pick Lodge la Moscow, Urusi, nao ulitoka mwezi wa Mei 2019, ukiwa ni kusukwa upya kwa mchezo wao wa mwaka 2005. Ni wa namna ile ya kutisha na kupigania uhai, lakini mwenye kutarajia mizimwi irukayo kutoka gizani atasikitika. Kitishacho humo ni bei ya mkate.

Kisa chake ni hiki. Tabibu mpasuaji, jina lake Artemy Burakh, arejea kwa gari moshi katika mji wake mdogo ulio kwenye nyika ya majani kando ya mto Gorkhon, mji uishio kwa kuchinja ng'ombe. Babake, aliyekuwa tabibu wa mji, amemwita kwa barua. Kufika, asikia mzee ameuawa, na watu wa mji wamshuku yeye. Kisha yazuka tauni. Mchezaji ana siku 12, na saa haimngojei. Ukilala, mambo yanaendelea. Ukienda mtaa huu, jambo la mtaa ule limekupita, na hutaliona tena.

Hapo ndipo penye sifa yake ya kwanza na iliyo kubwa. Tabibu huyu ana njaa. Ana kiu, ana uchovu, mwili wake waweza kuambukizwa, na hayo yote yapimwa kwenye kioo, yakipanda na kushuka mbele ya macho yako. Uvumi wa maradhi ukienea tu, bei za vyakula zaruka, na fedha za jana hazinunui kitu. Basi wajikuta daktari mzima wapekua mapipa ya taka utafute chupa tupu ya kutilia maji, wabadilishana na watoto wa mitaani, njugu kwa dawa. (Nami nilikuwa nimefunga! Kinywa kikavu, natafutia mkate mtu asiyekuwako duniani. Mke wangu alicheka hata akakaa chini.)

Niseme ukweli wangu. Siku ya nne ya mchezo niliingia katika nyumba yenye wagonjwa. Mwanamke alikuwa humo akiomba kusaidiwa. Nilikuwa na dawa ya kutuliza maumivu mfukoni, nami nilikuwa nikiiweka kwa ajili ya kuiuza. Nikampita, nikafungua kabati lake, nikatwaa chakula chake, nikatoka. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimekwisha funga mlango ndipo nikatanabahi nimefanya nini, na nje kwetu ikaadhiniwa magharibi. Tende sikuiona ladha yake siku ile.

Nimesoma diwani nyingi na kuandika chache, na nimezihudhuria hotuba nyingi za kututahadharisha na ulafi. Hotuba huniambia kuwa mwenye njaa huweza kudhulumu. Mchezo huu ulinipa njaa ukaniacha na kabati la mwenzangu. Na kama ungekuwa mwepesi, kama mkate ungekuwa tele, ningempa yule mwanamke dawa nikajiona mwema, nikalala usingizi.

Jambo la pili, nalo lataka Mwislamu aliangalie kwa makini, ni maiti. Katika mji ule kupasua mwili wa binadamu ni mwiko mkubwa, isipokuwa kwa wachache wa nasaba maalumu, na Artemy ni mmoja wao. Mchezo wamtia kisu mkononi na kumwonyesha kuwa viungo vya wafu vina manufaa. Sisi tuliofundishwa chuoni kuwa heshima ya maiti ni kama heshima ya aliye hai, hapa mkono wasita. Lakini nilipenda kuwa mchezo nao wasita: watu wa mji hawalipuuzi jambo hilo, na sifa yako ikiharibika katika mtaa, watu wake wakugeukia. Katika mwaka ule ambao ndugu zetu walizikwa mbio mbio na watu waliojifunika gubigubi, sikuona ni swali la mchezo. Ama ile itikadi ya wenyeji wa nyika kuwa ardhi ni kiumbe hai chenye kusikia uchungu, naichukua kama nichukuavyo ngano za majini: ni hadithi, wala imani yangu haikupungua.

Sasa kasoro, nazo si haba. Kupigana humo ni adhabu. Ngumi zaenda kama za mtu aliye ndani ya maji, na kisu hujui kimefika au hakikufika. Mwendo ni wa kujikokota. Sura za watu wa mitaani ni chache mno, zakaririwa hata wadhani mji mzima ni pacha. Kompyuta ya mpwa wangu, ambayo si mbovu, ilikuwa ikikwama kila tuingiapo mtaa mpya.

Kubwa zaidi kwangu mimi mtu wa mashairi ni maneno yake. Watu wa mji ule hawasemi ila kwa mafumbo. Fumbo ni ada yetu, silikatai, lakini fumbo lina fundo lake, na mjuzi akilivuta lafunguka. Humu nimevuta mafundo mengi nikakuta ni kamba tupu iliyovingirishwa. Mtu ana dakika chache kabla mgonjwa hajafa, naye asimamishwa njiani kuelezwa siri za ulimwengu na mtu asiyetaka kufahamika. Huo si ugumu wa kumfunza mtu lolote.

Mpwa wangu ana shauri jingine. Watu wengi walilalamika kuwa mchezo hauchezeki, na katika mwaka ule ule wa 2019 watungaji wakaweka mahali pa kujipunguzia ugumu, njaa iende polepole na maadui wapige kidogo, huku wakionya kuwa ulikusudiwa kuchezwa kwa ugumu wake wa asili. "Mjomba, punguza," akaniambia, "hakuna atakayejua." Kwa mwenye mikono dhaifu au mwenye saa moja tu ya mapumziko sina neno, na apunguze. Kwangu nilikataa. Walegeze ngumi na mwendo wakipenda, njaa waiwache.

Na kuna usiku wa manane. Ifikapo saa hiyo, mchezo wapiga kura juu ya kila aliyeambukizwa: huyu ataishi, huyu atakufa. Dawa uliyompa yamwongezea tumaini, haimpi hakikisho. Nilimkumbuka Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, mwaka wa 18 Hijria, akapata habari za tauni, akageuza msafara. Alipoulizwa kama akimbia kadari ya Mungu, akajibu kuwa akimbia kutoka kadari ya Mungu kwenda kadari ya Mungu. Sidhani kuwa Warusi wale walikuwa wakimfikiria yeye.

Usiku wa tisa nilikuwa na dozi moja na kibinti mmoja katika orodha ya watoto ambao marehemu babake Artemy alitaka walindwe. Sikula siku ile ili niipate. Nikampa. Kukapiga saa sita, jina lake likatoka miongoni mwa waliokufa.

Humo, mchezaji huhifadhi alipofikia kwa kuiendea saa ya ukutani. Mpwa wangu akanionyesha ile ya asubuhi. "Rudi, Mjomba. Huenda kura ikawa nyingine." Nikakaa kitambo na kipanya mkononi. Halafu nikamwambia azime, wakati wa daku umefika.